Vitambaa vya Bluu

Fundi cherehani alivitambua vitambaa vyake kwa mbali. Vilikuwa mabaki ya sare za shule, aliyoyakata mwenyewe ili wanakikundi wafungie miche ya miti kwenye vijiti, kandokando ya chemchemi iliyoanza kukauka.

Leo vilikuwa vimeshikilia minyanya. Miche ilikuwa imerundikwa pembeni, mizizi juu, mikavu kama kuni.

"Usinikunjie uso, dada," alisema kaka yake, mwenyekiti wa kikundi, jembe mkononi. "Miti hailiki. Tutapanda mingine."

"Huna hata haya! Si wewe uliyetuapisha hapahapa tuilinde chemchemi?"

"Punguza sauti bwana, watu watasikia."

Fundi alimkazia macho. Kisha akapanda ukingoni, akageukia nyumba za majirani, akajaza kifua pumzi.