Mwenzio Ameshasikia

Mama Mchungaji aliuvuta mlango wa chumba cha maombi, akapitisha komeo kwa nje.

"Siyo kukufungia, mwanangu," alisema kupitia dirishani. "Ni kukulinda na usumbufu."

Bupe alisikia chuma kikiingia mahali pake. Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya kanisa: spika mbili mbovu, viti vya plastiki vilivyopandana, mkeka mmoja. Na bati la Chamazi saa sita mchana halimhurumii mtu, hata awe anaomba.

Kilichompeleka humo ni habari ya Theonest, mpiga kinanda. Kanisani kwao kaka hamfuati dada kumwambia anampenda. Huo ni udunia. Kaka akionyeshwa mke na Mungu, humwambia Mama Mchungaji, Mama huipeleka habari kwenye kamati ya ndoa, nayo kamati humwita dada. Kisha dada huingia kuomba mpaka naye asikie. Na hadi kamati imalize kazi yake, wawili hao ni marufuku kuongea, hata kwa simu, shetani asije akajipenyeza.

Basi mwezi mzima Bupe na Theonest walipishana mlangoni kama watu waliogombana. Bupe akishika maikrofoni kuimba, Theonest alikiinamia kinanda chake. Siku hizi alikuwa amekonda, mashati yanampwaya.

Bupe hakumchukia. Hakumtaka tu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na sita, na kila alipofikiria kuamka maisha yake yote ubavuni mwa yule mtu mpole, alitamani asubuhi isifike.

Lakini nani alimuuliza kama anataka? Swali la kamati lilikuwa moja: "Umesikia nini?" Jumamosi ya kwanza alijibu ukweli, kwamba hajasikia kitu. Wakamwambia arudi akaombe. Ya pili akajibu vilevile. Wakamwongezea siku za kufunga.

Angeweza kusema Mungu amekataa, mchezo ukaisha. Ila Bupe alikuwa amewahi kumsikia Mungu kweli, mara moja, mama yake alipokuwa mahututi kule Tukuyu. Neno moja tu, "Atapona," na mama akapona. Aliyewahi kuisikia sauti ile haitungii maneno.

Akapiga magoti. "Baba, sema chochote. Hata unikemee."

Kimya. Samweli wa kwenye Biblia aliitwa mara nne usiku mmoja. Yeye wiki ya tatu hii, hajaitwa hata kwa bahati mbaya. Bupe alikasirika, akalia, kisha akaona aibu kwa kumkasirikia Mungu.

Saa nane uso wa Mama Mchungaji ukarudi dirishani.

"Vipi, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, Bupe. Mungu ameshasema na mwenzio. Umebaki wewe tu."

"Yeye alisikiaje?"

"Hayo ni yake na Bwana. Mie ninachojua, kaka wa watu leo siku ya tano hajala kwa ajili yako. Kijana mstaarabu, hana neno na mtu, ukimwambia kaa, anakaa. Unataka adondoke kwenye kinanda?"

"Na nisiposikia kabisa, mama?"

"Jenipher naye alisema hasikii. Si unamwona? Arobaini na moja, hajaolewa, bado anatupangia viti. Sikio la kufa halisikii dawa."

Bupe alimwona Jenipher kila Jumapili. Watu walimsalimia kwa upole, kama anayetoka msibani.

Akakaa chini mkekani. Siku tano bila kula. Mtu hajitesi hivyo kwa jambo la kubuni. Kama Theonest amesikia kwa uhakika kiasi hicho, basi huenda masikio mabovu ni ya Bupe. Huenda kule kukonda kwake ndiyo sauti yenyewe, na yeye ndiye anayejitia uziwi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na wazo hilo ndilo pekee alilopata la kushika.

"Fungua, mama," alisema. "Nimesikia."

Wanakamati waliokuwa kwenye mabenchi waliinuka kwa mpigo. Theonest akaitwa, akasimama nyuma yao. Mchungaji akamuuliza Bupe mara tatu mbele ya mashahidi, kama ilivyo desturi, naye mara tatu akajibu kwamba Mungu amesema ndiyo. Katibu akaandika tangazo la kesho. Mama Mchungaji alikuwa tayari amempigia mama yake Bupe, na vigelegele vya Tukuyu vikatoka kwenye simu vikajaa kanisani.

Ndipo wachumba wakaruhusiwa kuongea: dakika tano, mlango wazi, wao wawili tu ndani ya stoo ile.

Theonest alivuta kiti, akaketi, mikono magotini. Kwa mara ya kwanza alimtazama Bupe usoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole kwa kufunga, kaka," Bupe alisema, maana ilibidi mtu aseme kitu. "Mungu amejibu maombi yako."

Theonest akatikisa kichwa, akachungulia mlangoni, akashusha sauti.

"Dada Bupe, mie nilikuwa naomba ukatae. Mama Mchungaji aliponiambia Mungu amekuonyesha wewe kwamba mimi ni mumeo, ningeanzia wapi kukataa nikuaibishe?"