Mafuta ya Tumboni

Askari walifunga barabara pale Minago, wakaamuru wanaume wavue mashati na wanawake wafungue blauzi. Mwavita aliposikia, aliikamata blauzi yake akaibana kifuani.

Si kuonekana kifua kulikomtisha. Mei ile ya mwaka wa sabini na mbili nani alikuwa na nafasi ya kuona haya? Waasi walikuwa wamevuka ziwa wakaingia Rumonge, jeshi likaja nyuma yao, na yeye na mumewe Hassani walikuwa wakikimbilia Bujumbura kwa miguu. Aliogopa jambo moja tu: Hassani asije akajua.

Utotoni, huko Fizi, ng'ambo ya ziwa, Mwavita alimwagikiwa na mafuta ya mawese yaliyokuwa yakichemka. Titi la kushoto halikuota. Alipofika umri wa kuolewa, daktari mmoja wa misheni alimtoa mafuta tumboni, akayapachika kifuani vipande vidogo vidogo mpaka titi likapatikana. Halikuwa kubwa, lakini lilijaza nguo. Yalibaki makovu mafupi mafupi, chini ya titi na tumboni.

"Bwana yako asijue," shangazi yake alimwonya. "Watu wa Rumonge wakisikia iko nyama ya tumbo, watakucheka mpaka uhame muji."

Na kweli wangemcheka. Mama mkwe wake peke yake alikuwa na mdomo wa kutosha soko zima. Basi Hassani alipouliza habari ya makovu yale, Mwavita alimwambia ni chanjo, bibi yake alimchanja akampaka dawa ya maziwa, watoto wasije wakalala njaa. Hassani aliridhika. Alimpenda hivyo hivyo, na Mwavita akaumwa moyo kila alipoona jinsi alivyoaminiwa.

Foleni ilisogea. Askari hawakusema wanatafuta nini. Walitazama miili tu, huyu wakampitisha, yule wakampandisha lori. Waliopandishwa hawakuulizwa jambo la pili.

Zamu yake ikafika. Koplo aliinama akayatazama makovu, kisha akamtazama usoni. Hakuwa na sura mbaya.

"Hii iko kazi ya dogoteri," alisema. "Hata mimi walinishona hivi. Walikupasua hospitali gani, mama?"

Hassani alikuwa nyuma ya Mwavita kabisa, anasikia kila kitu. Angejibu swali lile, na ndoa yake ingeishia hapo barabarani.

"Hapana, shefu. Sikupasuliwa."

"Useme kweli, mama. Si hospitali?"

"Si hospitali."

Koplo alikuna kidevu. Ilionekana kama anataka kumpitisha, ila hakuridhika. Akamgeukia Hassani.

"Weye ni bwana yake? Hii iko nini?"

Mwavita alifumba macho akamwomba Mungu mumewe asisite.

Hassani hakusita. Ila kutaja maziwa ya mkewe mbele ya wanaume wale aliona haya, akalikwepa neno.

"Iko chanjo, shefu. Bibi yake alimuchanja kule Fizi. Iko dawa ya kwao, ya nguvu sana."

Mwavita akashusha pumzi. Hakuna aliyejua, na sasa hakuna ambaye angejua. Aliutafuta mkono wa mumewe akaubana, akampenda siku ile kuliko siku zote.

Koplo alirudi nyuma hatua moja, akaishika bunduki yake vizuri.

"Shefu!" aliita kuelekea kwenye lori. "Muasi mwingine wa Fizi huyu! Wamemuchanja dawa ya kuzuia risasi, na bwana yake mwenyewe amekubali!"