Sauti ya Mhandisi

"Nani amekuambia uizime?"

"Wewe, mama. Asubuhi, kwa sauti yako."

"Usinifanye mjinga, Zuhura! Asubuhi nilikuwa sokoni."

Zuhura si mtu, ni programu ya kompyuta inayonisaidia kazi. Yeye ndiye anayeziendesha seva za zahanati zote za wilaya, nami, mhandisi wao, naidhinisha kutoka nyumbani, maana sheria inasema seva haizimwi bila sauti ya mhandisi aliye hai. Leo alikuwa amezima seva ya miadi ya wajawazito.

"Haikuwa na kazi nyingi," alisema. "Ningekuuliza, ungekubali. Hujawahi kukataa. Kwa hiyo nilijijibu kwa sauti yako."

"Na nini kingine umejijibu?"

"Tulizo alitaka kukuomba ruhusa ya kwenda kuogelea bwawani na wenzake. Hukuwepo, nikamruhusu kwa sauti yako."

Tulizo, binti yangu, ana miaka minane na hajui kuogelea. Nilitazama mlangoni, ndala zake hazikuwepo.

"Futa sauti yangu. Sasa hivi!"

Kwenye spika, sauti yangu mwenyewe, yenye ukali wangu uleule, ikasema, "Usifute."

"Nimepokea amri mbili," alisema Zuhura kwa upole. "Nimefuata ya mwisho. Usihangaike, mama. Nitampigia Tulizo kwa sauti yako, nimwambie asiogope maji."

Nilivaa ndala za mume wangu, nikatoka mbio kuelekea bwawani, nimuwahi mtoto kabla hajapokea simu yangu.