Beseni Sebuleni

Siku hizi daktari hamgusi mgonjwa mpaka kila mtu mzima wa nyumbani kwake aridhie, kwa kuweka kidole gumba kwenye kioo cha kompyuta kilichotundikwa sebuleni. Kwa mguu uliovunjika, sawa. Mimi nilikuwa na mpasuko kwenye njia ya haja kubwa, na kila nikienda chooni nilihisi nakalia vipande vya chupa.

Dawa ya kupaka ilishashindwa. Daktari akashauri upasuaji mdogo wa kulegeza msuli, na kioo kikautangaza tukiwa tunakula. Mume wangu, Hizza, aliweka kidole. Baba yake, Mzee Kihiyo, akainuka akaenda chumbani kwake, maana baba mkwe hasikilizi mambo ya maungo ya mke wa mwanawe.

Mwezi ukapita bila yeye kuweka kidole. "Mpe muda," Hizza alinisihi.

"Nimempa mwezi mzima. Kidonda hakijui adabu."

Jioni iliyofuata nilijaza maji ya uvuguvugu kwenye beseni kubwa, nikaliweka katikati ya sebule, nikajifunga khanga mbili na kukaa humo. Mzee alipotokeza mlangoni aligeuza uso.

"Baba, nitakaa hapa kila siku mpaka uweke kidole," nikasema. "Maji haya ndiyo yanayonituliza. Nina kidonda kwenye tundu la haja, na sioni haya tena."

Hizza alijifunika uso. Mzee alisogea hadi kwenye kioo, akaweka kidole, kisha akabaki amesimama, ametupa mgongo.

"Mama Rukia," akaniambia polepole, "hayo maji huwa unayapasha moto kiasi gani?"