Kifua cha Mama Joviana

"Baba Joviana, tusimame kidogo jamani, waitu. Kifua!"

Ilikuwa mara ya nne, na kilima cha Ijumbi hawajakifikia hata nusu. Projestus, aliyetangulia kama mwanamume anavyomtangulia mkewe njiani, alisimama papo hapo. Hakugeuka. Alimsikiliza Georgina akikohoa nyuma yake, na kila kikohozi kilimchoma. Ni mimi, alijiambia. Mimi ndiye niliyemmaliza mwanamke huyu.

Hakuna aliyemshitaki. Alijishitaki mwenyewe, na ushahidi alikuwa nao. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa huko Bukoba mjini, na kila Jumamosi alirudi nyumbani nguo zimejaa vumbi la maganda. Nani alizikung'uta? Georgina. Alisimama kibanjani kati ya migomba, akizipiga mpaka vumbi linamfunika uso, na yeye, bwana mkubwa, amekaa ndani anangoja ndizi ziive. Hata siku moja hakusema, lete nizikung'ute mwenyewe. Majirani wangemwonaje?

Mwaka wa sabini na tatu aliacha kazi. Nguvu zimeisha, alisema, ni uzee tu. Uzee gani, mtu wa miaka hamsini na moja! Akajilaza, akageukia ukuta. Miezi miwili hakwenda shamba la ujamaa, hakwenda kanisani, chakula alikionja tu. Mushumbusi, balozi wa nyumba kumi, alikuja kumgombeza, akaishia kumwonea huruma.

Ndipo Georgina naye akaanza kukohoa. Alikwenda peke yake zahanati ya misheni, akarudi na maneno ya Sista Immakulata: kifua hiki ni cha kudumu, hakiponi, lakini mtu huishi nacho miaka mingi asipokata tamaa. Ila aje kila Alhamisi, na asije peke yake.

Projestus alitoka kitandani siku hiyo hiyo.

Leo walifika zahanati jua limeshapanda. Wagonjwa wa kifua walikuwa wamekaa barazani, kila mmoja na chupa ya maji na bua la jani la mpapai. Unapuliza polepole, maji yanachemka bila moto. Sista aliwataka na wanaouguza wapulize, na Projestus alipuliza kwa bidii ili mkewe asione haya. Sista alimsikiliza na yeye mgongoni.

"Anayeuguza akianguka, mzee, nani atamuuguza mgonjwa?"

Akampa na vidonge. Projestus hakubisha. Kwa ajili ya Georgina angemeza hata kokoto.

Baada ya kupuliza huwa wanazungumza, kila mtu na lililomkaa moyoni. Mzee Kashaija alisema anaogopa kufa kama mtu aliyezibwa mdomo. Alistidia alisema wakwe zake wanamwita mvivu. Watu wakaitikia, wakataniana, wakacheka mpaka wakakohoa. Projestus alikuwa amezoea kucheka nao. Leo alisimama.

"Mnaniita mume mwema," alisema, sauti ikikatika. "Mume mwema gani? Mimi nimemuua mke wangu. Vumbi nililileta mimi, akalivuta yeye. Mama Joviana, nisamehe. Kama huwezi, useme hapa mbele ya watu, nijue."

Georgina aliinamisha uso akalia. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

Projestus aliona amejibiwa. Alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Ngoja nikuletee maji," alisema, akashuka ngazi moja moja kuelekea kisimani.

Sista Immakulata alimvuta Georgina ndani, akafunga mlango.

"Mama, mwambie leo. Umesikia anavyojitesa?"

"Nimesikia, Sista. Nimeungama mara tatu kwa padri juu ya jambo hili. Sili nikashiba."

"Basi mwambie. Atakusamehe."

"Najua atanisamehe." Georgina alitazama dirishani. Kule chini mumewe alikuwa amekaa juu ya jiwe na kikombe mkononi, mabega yakipanda na kushuka, akijifanya anaangalia ng'ombe wa misheni. "Lakini nikimwambia mimi ni mzima, atauliza tunakuja hapa kwa ajili ya nani. Akilijua jibu, atageukia ukuta tena."

Baada ya muda mrefu nyayo za Projestus zilisikika barazani. Georgina akafungua mlango, akashika kifua, akaanza kukohoa.