Sauti ya Tuntufye

Vijana wa Tukuyu hawakulipa tena fedha kuitazama timu yao ya daraja la tatu. Walilipa sauti: mechi ikiisha, mashine ya langoni iliichukua sauti ya kila mmoja, ikairudisha baada ya siku mbili.

Jumapili jioni, Sekela na bintiye Tuntufye, aliyelipa sauti yake mchana huo, walitazama ligi kuu kwenye runinga. Majukwaa yalikuwa matupu, ila shangwe za sauti zilizolipwa langoni zilirindima.

“Huyo ni wewe, mwanangu! Nchi nzima inakusikia!”

Tuntufye alitabasamu, kifua mbele.

Jumanne, mama alipomwita, hakuitika. Alileta karatasi aliyoiandika: “Wa ligi kuu wameipenda sauti yangu, mama. Wanabaki nayo hadi msimu uishe.”

Sekela aliwatangazia majirani kwa fahari. Jioni, nyumba ilipozidi kimya, aliwasha runinga amsikie binti aliyeketi kando yake.