Sanduku Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Mwalimu Rozalia alikuwa amevaa sweta. Ruaha Mbuyuni, saa saba mchana, joto la kumvua mtu hata soksi, na yeye amevaa sweta la mikono mirefu, vifungo vyote mpaka shingoni.

"Maringo ya uzeeni," Dastan alinong'ona, akageuza uso.

Dastan alikuwa katibu wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji, na hapakuwa na mtu ambaye yeye alimdharau kuliko huyu mwalimu mstaafu. Darasa la nne alimpigisha magoti juani kipindi kizima kwa sababu aliandika barua bila tarehe. Tarehe! Miaka thelathini imepita na magoti bado yanakumbuka. Leo mwanamke yuleyule amekaa meza kuu, kwenye sherehe ya kupinga ukatili, kwa sababu tu amemzaa mgeni rasmi.

Mgeni rasmi mwenyewe, Danieli, alikuwa mtu mwingine kabisa. Mfanyabiashara wa vitunguu, mcheshi, mkono wazi. Ndiye aliyetoa sanduku la siri lililotundikwa ukutani mwa zahanati, ili wanaonyanyaswa watumbukize humo malalamiko yao. Na kwa kuwa kijiji hiki hakifungui hata choo cha shule bila mgeni rasmi, sanduku nalo lilikaa na kufuli lake, kamati ikisubiri Danieli apate nafasi. Wajumbe walisubiri bila aibu. Siku ya mgeni rasmi ndiyo siku ya pilau.

"Shikamoo mwalimu," Dastan alisema alipofika meza kuu, heshima ya mdomoni tu.

Kabla mama hajafungua kinywa, Danieli alishajibu. "Mama siku hizi hasikii vizuri, majuzi nilimpeleka zahanati lakini wapi. Na amekuwa mkali, we acha tu! Binti wa kazi anamkoma. Hata simu yake naishika mimi, asije akatapeliwa."

"Wewe ni mtoto wa mfano, bosi," alisema Dastan.

Mwalimu hakumtazama yeyote. Alikuwa anakula. Alikula kama mtu anayefukuzwa, akasafisha sahani, kisha akafunga paja la kuku kwenye leso na kulizamisha mfukoni mwa sweta. Pensheni yote ile, na bado mlafi! Dastan aliuma midomo asicheke. Danieli naye aliona. Akamwita dereva, mama akarudishwa nyumbani kabla ya hotuba.

Sanduku likafunguliwa kwa vigelegele. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu. Utaratibu ulisema barua asome katibu peke yake, kwa hiyo Danieli akampa bila kuikunjua, wapiga picha wakipiga. Dastan akajitenga nyuma ya zahanati.

"Nafungiwa chumbani kutwa. Nakula mara moja. Nikiomba simu napigwa mkanda. Anayenitesa anaheshimiwa na kijiji kizima, nikisema sitaaminika. Nyumba ni ile ya bati la bluu nyuma ya maghala ya vitunguu. Msichelewe, safari hii ataniua. Mkija, begi langu liko tayari."

Hakuna jina. Mwandiko ulikuwa umenyooka, kila herufi imekaa mstarini. Kumbe hata binti wa kazi amenyooshwa kwa fimbo ileile! Dastan aliijua nyumba ya bati la bluu. Ni ya Danieli, na kutwa hubaki watu wawili tu: mwalimu na yule binti.

Alifurahi. Ni vibaya kusema, lakini alifurahi. Nimempata, alijiambia.

Kisha akamwonea huruma Danieli. Mtu mwema, kutwa barabarani na mizigo yake, hajui mama anavyomfanya binti wa watu. Aliamua asimwambie. Mwana gani atakubali mama yake mzazi apandishwe gari la polisi? Akamwacha kwenye kipaza sauti akiulaani ukatili, akamfuata Afande Mwanakhamisi wa dawati la jinsia.

"Twende sasa hivi, afande. Bosi akisikia, yataishia kifamilia."

"Una hakika ni huyo bibi?"

"Mimi amenifundisha. Namjua mpaka mifupa."

Binti wa kazi ndiye aliyefungua geti. Alikuwa mwembamba, ameshika kanga kifuani kwa mikono miwili, hajui amtazame nani. Dastan aliinama, akatoa ile sauti ya upole aliyojifunza semina.

"Usiogope, mdogo wangu. Barua yako tumeipata. Kachukue begi lako."

"Barua gani, kaka? Mimi sijui kuandika."

Dastan akapandwa na hasira. Mwanamke yule amemtisha mtoto mpaka anakana mwandiko wake mwenyewe! "Yuko wapi huyo bibi yako?"

Binti akanyoosha kidole kuelekea ndani. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na komeo, kwa nje.

Afande akalivuta. Mwalimu Rozalia alikuwa ameketi kitandani, sweta amelivua, begi dogo magotini. Mikono yake ilikuwa na alama za mkanda kuanzia mabegani mpaka viwikoni, nyingine mbichi. Alimtazama Dastan vilevile alivyomtazama darasa la nne.

"Wiki tatu," alisema. "Tarehe niliiandika pale juu, kulia. Bado huisomi?"